Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mfanyabiashara wa Nguo Aliyekuwa Msomi

Makanisa na shule zetu za Vihiga, Kakamega na Kisumu zina desturi nzuri ya kuwapa vijana kazi ya kuandika habari za wazee: nani alileta shule kijijini, nani alifungua duka la kwanza sokoni, nani alisimamia ujenzi wa zahanati. Nimesoma habari nyingi za namna hiyo, na kasoro ninayoikuta mara kwa mara ni moja. Mzee aliyeuza nguo na pia akapenda vitabu hukatwa vipande viwili, aya moja ya duka na aya nyingine ya elimu, kana kwamba watu wawili waliishi chini ya paa moja bila kujuliana hali. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumwandika mtu wa aina hiyo akiwa mzima, ili duka lieleze kitabu na kitabu kieleze duka.

Mfano nitakaoutumia ni William Edward Forster, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 11 Julai 1818 katika familia ya Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo waumini wake wengine huwaita Wakweka. Alijipatia riziki kwa kutengeneza vitambaa vya sufu mjini Bradford, na alipokuwa na umri wa miaka 30 aliandika utetezi wa kihistoria wa William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, ambao watafiti bado wanaurejelea. Baadaye aliingia bungeni na kuongoza sheria ya elimu ya mwaka 1870. Nimemchagua kwa sababu Marafiki si wageni kwetu, na kwa sababu makosa ambayo mwandishi anaweza kuyafanya juu yake ndiyo yaleyale tunayoyafanya juu ya wazee wetu.

Familia kwanza, lakini kwa matendo na miaka

Ukianza na ukoo, jiwekee sharti kwamba kila jamaa utakayemtaja awe na tendo moja na mwaka mmoja. Ukikosa vyote viwili, muache nje hadi uvipate. Sharti hili litakuokoa na sifa tupu kama "familia mashuhuri" au "wazazi wacha Mungu", ambazo zinaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote.

Kwa Forster, sharti hilo linatimia bila shida. Baba yake, naye akiitwa William, alikuwa mhubiri wa Marafiki aliyesafiri sana, akafariki mwaka 1854 huko Tennessee, Marekani, akiwa katika safari ya kuwapelekea magavana tamko la Marafiki dhidi ya utumwa. Mama yake, Anna, alikuwa dada wa Thomas Fowell Buxton, mbunge aliyeongoza mapambano yaliyozaa sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Buxton naye alimwoa dada wa Elizabeth Fry, yule mama aliyeingia gereza la Newgate kuwahudumia wafungwa wa kike. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambamo mazungumzo ya mezani yalikuwa magereza, utumwa na bunge.

Hata hivyo, usimpe mtoto kazi ya baba yake. Ni kosa jepesi kufanyika: unaandika juu ya safari za mzee kwa shauku, halafu sentensi moja baadaye unamhesabia kijana ujasiri ambao hajauonyesha bado. Jiulize alirithi nini kinachoweza kuonekana. Kwa Forster, urithi huo unaonekana wazi mwanzoni mwa mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, alipomfuata baba yake kwenye vijiji vya magharibi mwa nchi hiyo, ambako Marafiki walikuwa wakigawa msaada, akaandika ripoti ya hali aliyoikuta. Hapo una mwana na baba katika njia moja, kwa tarehe. Sehemu hii ya safari ya Ireland iandike kwa utulivu, kwa kuwa utairudia mbele.

Usiichore Bradford kwa rangi za Kaimosi

Msomaji wa Vihiga akisikia neno Marafiki, huona kanisa lenye mchungaji, kwaya, mavuno, na umati wa watu siku ya mkutano wa mwaka. Picha hiyo ni ya kweli kwetu. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, miezi michache baada ya reli kufika Kisumu, na walitoka katika tawi la Marafiki lililokuwa tayari limekubali wachungaji, mahubiri yaliyopangwa na nyimbo. Walikuja na misheni ya viwanda, yaani waliamini kwamba msumeno na useremala vinakwenda pamoja na Injili.

Marafiki wa Uingereza katika ujana wa Forster waliabudu kwa njia nyingine. Waliketi kimya kwenye mabenchi, bila mchungaji wa kulipwa, bila wimbo, hadi mmoja wao aone ameongozwa kusema. Ukimwandika Forster akiimba kwaya, msomaji anayejua atafunga kitabu. Vilevile, ukiandika juu ya mzee wa Lugulu au Lirhanda usimketishe katika ukimya wa Kiingereza. Andika aya moja mapema inayoeleza ibada ya mahali pale na wakati ule, kisha usonge mbele.

Mabenchi hayo ya kimya yanatusaidia pia kueleza kwa nini msomi huyu alikuwa kiwandani. Chuo cha Oxford kiliwataka wanafunzi wakiri imani ya Kanisa la Anglikana kabla ya kujiunga, na Cambridge kabla ya kupewa shahada, masharti ambayo yalilegezwa katika miaka ya 1850 na kuondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1871. Kijana wa Marafiki mwenye akili, basi, alisoma katika shule za watu wake, na Forster alisoma Bristol na Tottenham, kisha akatumwa kujifunza biashara. Huko Darlington alifanya kazi katika kiwanda cha sufu cha familia ya Pease kwa saa 12 kwa siku, na jioni akasoma. Waandishi wengi hupita hapo haraka. Mimi naomba usipite, kwa maana mtu aliyesoma hesabu na historia baada ya saa 12 za kelele za mashine hujenga tabia fulani ya kusoma: hana muda wa kupoteza, na hutaka kuona ushahidi wenyewe.

Kaunta buku moja, kurasa mbili

Nunua kaunta buku ya kawaida. Kila unapoifungua, una ukurasa wa kushoto na ukurasa wa kulia vinavyotazamana. Kushoto andika mambo ya biashara, na kulia andika mambo ya kalamu, imani na utumishi wa umma, ukihakikisha kwamba miaka inakwenda sambamba mstari kwa mstari. Usitumie madaftari mawili, kwa sababu faida yote ya njia hii iko katika kutazamana kwa kurasa.

Ukifanya hivyo kwa Forster, ukurasa wa kushoto utaonyesha kwamba mwaka 1842 aliungana na William Fison katika biashara ya vitambaa vya sufu mjini Bradford, na kwamba baadaye kampuni yao ilihamia kijiji cha Burley, kando ya mto Wharfe. Ukurasa wa kulia utaonyesha Ireland mwaka 1847, utetezi wa William Penn mwaka 1849, ndoa mwaka 1850, ubunge wa Bradford mwaka 1861, sheria ya elimu mwaka 1870 na sheria ya kura ya siri mwaka 1872. Mara moja utaona jambo ambalo wasifu wa aya mbili ungelificha: alipoandika utetezi huo wa Penn, alikuwa mshirika wa kiwanda kwa miaka saba, akiwa na barua za wateja mezani. Utetezi ule uliandikwa na mtu aliyezoea kuuliza risiti iko wapi.

Ndoa iandike upande wa kulia hata kama unaiona kuwa jambo la nyumbani. Forster alimwoa Jane Arnold, binti wa Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby. Jane hakuwa wa Marafiki, na kanuni za wakati huo zilimtoa nje ya ushirika mtu aliyeoa nje. Inasimuliwa kwamba Marafiki waliotumwa kumpelekea habari ya kutengwa walimpa mkono na kubaki kula chakula cha mchana. Karibu miaka kumi baadaye Marafiki wa Uingereza waliiacha kanuni hiyo. Mambo haya matatu, yaani kanuni, chakula cha mchana na kuachwa kwa kanuni, yakikaa pamoja yanamweleza msomaji kutengwa kulikuwa na uzito gani, bila wewe kuongeza neno la kulaumu.

Shika kitambaa mkononi

Usiandike juu ya mfanyabiashara wa nguo kabla hujashika nguo aliyouza. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa juu ya sufu ya Bradford kwa maneno ya vitabuni, na kila nilipozisoma niliona hazina uhai. Ndipo nikaenda soko la Kibuye, Kisumu, kwa fundi mmoja anayerekebisha suti za mitumba, nikamwomba anionyeshe makoti ya sufu.

"Mwalimu, weka miwani kando, shika kwanza," aliniambia, akaweka makoti mawili juu ya cherehani yake. La kwanza lilikuwa laini na zito kidogo, na lilipoinamishwa kwenye mwanga ungeweza kuona kila uzi ulivyopita, mtande na mshindio. La pili lilikuwa na manyoya mafupi yaliyofunika nyuzi zote, kama mgongo wa mwana-kondoo. "Hili nyuzi zake zimechanwa kabla ya kusokotwa," alisema juu ya lile la kwanza. "Hili lingine sufu imesokotwa na vifupi vyake vyote." Kisha akachomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, akauchoma kwa kiberiti, akanipa ninuse: harufu ilikuwa ya nywele zilizoungua, na majivu yakasagika vidoleni. Alipochoma uzi wa suti ya tatu, uliyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi. Huo haukuwa sufu.

Lile koti la kwanza ndilo la aina ya Bradford. Mji huo ulitajirika kwa sufu iliyochanwa, ambayo nyuzi zake ndefu hulazwa upande mmoja na zile fupi huondolewa kwanza. Hapo zamani kazi ya kuchana ilifanywa kwa mikono, mara nyingi nyumbani, kwa vitana vya chuma vilivyopashwa moto kwenye makaa, katika vyumba vilivyojaa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1840 mashine zilianza kuwanyang'anya wachanaji hao riziki yao. Sasa urudi kwenye kaunta buku yako, utazame miaka hiyohiyo upande wa kulia: huyu ndiye mwajiri aliyesimama mwaka 1848 kuzungumza na wafanyakazi wa Bradford waliokuwa na hasira. Ukijua kitambaa, unajua hasira ilitoka wapi, na pia unaelewa kwamba mzungumzaji hakuwa mtazamaji wa nje. Alikuwa mmoja wa wale ambao biashara yao ilikuwa inabadilika na kuwaacha watu nyuma.

Kama mzee wako aliuza pamba, marekani au kanga, fanya vivyo hivyo. Tafuta jora au kipande cha zamani, uliza kilipimwa kwa yadi au kwa doti, uliza kilitoka kiwandani wapi. Wazee wa Kisumu wanaokumbuka kiwanda cha nguo cha KICOMI kilipokuwa kikifanya kazi watakueleza zamu za usiku kwa undani ambao huwezi kuupata kwenye faili. Waulize wakiwa bado wapo.

Jina si mtu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, na nitakaa hapa kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 1848, mwanahistoria Macaulay alitoa juzuu mbili za kwanza za historia yake ya Uingereza, na zilisomwa kila mahali. Ndani yake alimshutumu William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania na mmoja wa Marafiki wanaoheshimiwa zaidi. Shutuma moja ilihusu wasichana wa shule wa mji wa Taunton. Mwaka 1685, wakati wa uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili, wasichana hao walimkabidhi Monmouth bendera walizozitarizi wenyewe. Uasi uliposhindwa, wanawake wa heshima wa malkia walipewa ruhusa ya kuwatoza wazazi wa wasichana hao fedha za msamaha, na walidai pauni 7,000. Serikali iliandika barua kumwomba mtu fulani awe mjumbe wa kupatana bei na wazazi. Macaulay alisema mtu huyo alikuwa William Penn.

Forster alikwenda kwenye waraka wenyewe. Barua hiyo, iliyotoka kwa waziri Sunderland, iliandikwa kwa "Mr Penne", bila jina la kwanza. Kisha akauliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza akipewa hati ya deni yenye jina nusu: je, kuna mwingine mwenye jina hili? Alikuwepo. George Penne alikuwa mtu wa shughuli za aina hiyohiyo, mjumbe wa kupatana fedha za msamaha kwa watu walionaswa na uasi ule. Kazi ilimfaa yeye, tahajia ilimfaa yeye, na hapakuwa na karatasi iliyosema William. Forster aliyaandika haya mwaka 1849 kama utangulizi wa toleo jipya la wasifu wa Penn ulioandikwa na Thomas Clarkson, na pia yakatoka peke yake kama kijitabu. Macaulay hakuiondoa shutuma. Alitembelewa na ujumbe wa Marafiki, na katika toleo la baadaye akaongeza maelezo marefu ya kujitetea. Lakini watafiti wengi waliofuata wameegemea upande wa George Penne.

Utaratibu unaotokana na habari hii ni rahisi kuueleza na ni mgumu kuufuata. Unapokuta jina katika waraka, linakili herufi kwa herufi kama lilivyo, hata kama unadhani karani alikosea, na usijaze jina la kwanza ambalo halipo. Mbele ya jina acha nafasi ya mambo matatu: mahali, mwaka na kazi. Kabla ya kuliunganisha na mtu unayemwandika, tafuta kwa bidii mtu wa pili anayeweza kuitwa hivyo, ukiwa na nia ya kumpata, si ya kumkosa. Ukimpata, linganisha wote wawili na kazi iliyotajwa kwenye waraka. Mwisho, andika katika maelezo yako kiasi cha uhakika ulio nao: ni yeye, huenda ni yeye, au haijulikani. Hakuna aibu katika neno "huenda".

Nina sababu ya kusisitiza. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiandika maisha ya mzee mmoja wa Vihiga aliyeuza nguo na kufundisha watu wazima kusoma jioni. Katika kumbukumbu za mkutano mmoja wa mwezi nilikuta jina lake la ubatizo na jina la baba yake, na maelezo kwamba alionywa kwa kutolipa deni la majora ya nguo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani nimepata jambo la kumfanya mzee aonekane binadamu. Nililiandika, nikaligawa. Binti yake, mama wa makamo, alinijia akiwa na nakala mkononi, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyo si baba. Mwaka huo baba alikuwa bado Nakuru, kwenye shamba la mzungu. Duka alilifungua aliporudi." Alikuwa na kipande cha kazi cha baba yake, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, chenye tarehe. Wazee wawili waliitwa jina moja, kwa maana huku kwetu watoto hupewa majina ya mababu waliofariki, na juu yake Yohana, Petro na Yakobo wamejaa kila kijiji. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi mbele ya ukoo, kisha nikakusanya nakala zote nilizoweza kuzifikia. Sikuzipata zote, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ningekuwa nimefuata utaratibu ambao Forster aliufuata mwaka 1849, swali la mtu wa pili lingenizuia.

Tarehe na fedha

Marafiki wa zamani hawakutumia majina ya miezi na siku, kwa kuwa waliona yametokana na miungu ya kipagani. Waliandika "mwezi wa pili, siku ya kwanza". Hapa sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. "Siku ya kwanza" ya Marafiki wa Uingereza ni Jumapili, lakini sikio letu linasikia mosi na kwenda Jumamosi. Na kabla ya mwaka 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mwezi wa kwanza wa Marafiki ulikuwa Machi na wa pili ulikuwa Aprili. Barua ya Sunderland ni ya Februari 1686 kwa hesabu yetu, ingawa Waingereza wa siku zile wangeweza kuiandika 1685. Sisi tunajua vizuri hali hii, maana tumemwona mgeni akiambiwa aje saa tatu asubuhi akafika alfajiri giza likiwa bado. Andika tarehe kama ilivyo kwenye waraka, kisha chini yake andika tarehe kwa hesabu ya leo.

Fedha nazo zisitafsiriwe kwa shilingi za leo, kwa sababu hesabu hiyo hupotosha. Toa kipimo cha wakati ule: mshahara wa wiki, bei ya jora, karo ya shule. Pauni ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa shilingi 20, na shilingi ilikuwa peni 12. Kwa leja za mwanzo za misheni zetu, kumbuka kwamba rupia ilitumika hadi mwaka 1920, ikafuatwa na florini kwa muda mfupi, kisha shilingi.

Kumbukumbu za mkutano zinavyosomwa

Katika mkutano wa kazi wa Marafiki hakupigwi kura. Karani husikiliza, kisha huandika kile anachokiona kuwa nia ya mkutano, na maandishi hayo husomwa na kukubaliwa. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba kumbukumbu zitakuonyesha uamuzi, na mara chache sana zitakuonyesha aliyeupinga. Usiandike kwamba wote waliafiki. Andika kwamba mkutano uliamua, halafu utafute barua na kumbukumbu za familia ili ujue nani alitoka nje akiwa na huzuni.

Vitabu hivyo huku kwetu mara nyingi viko kwa makarani wa makanisa. Nenda na barua ya utambulisho, vaa kwa heshima, omba kusoma palepale badala ya kuazima, na usipige picha bila ruhusa. Mafaili ya serikali ya wakati wa ukoloni yako katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Hotuba za Forster bungeni, pamoja na ile ya tarehe 17 Februari 1870 alipouwasilisha mswada wa elimu, zinasomeka bure kwenye intaneti katika kumbukumbu rasmi za bunge la Uingereza. Wasifu wake mkubwa, wa Thomas Wemyss Reid, ulitoka mwaka 1888 katika juzuu mbili, miaka miwili baada ya kifo chake. Usome kwa makini ukijua uliandikwa wakati marafiki na maadui zake wengi walikuwa hai.

Usifiche Ireland ya pili

Utafika mahali ambapo mtu uliyempenda atafanya jambo linalokuumiza. Kwa Forster, mahali hapo ni mwaka 1880, alipoteuliwa kuwa waziri wa mambo ya Ireland. Wakulima walikuwa wakigombana na wenye ardhi kuhusu kodi na kufukuzwa mashambani. Forster aliomba na kupewa sheria ya kuwafunga watu bila kuwafikisha mahakamani, na mwezi Oktoba 1881 kiongozi wa Waireland, Charles Stewart Parnell, alitiwa gerezani kwa sheria hiyo. Waireland walimbandika jina la utani la risasi za kuwindia, zile walizopewa polisi. Alijiuzulu Mei 1882, serikali ilipoamua kumwachilia Parnell.

Kijana aliyepeleka msaada katika nchi hiyo mwaka 1847 ndiye waziri aliyewafunga watu wake miaka 34 baadaye. Weka mambo haya mawili katika sura moja, na usiyatenganishe kwa kurasa mia. Uwe mwenye haki pia: risasi zile zilikuwa zimeagizwa na mtangulizi wake, kwa hoja kwamba zinaua kwa nadra kuliko risasi za kawaida. Eleza hilo bila kulifanya kuwa kinga yake. Maoni yangu ni kwamba aliamini utaratibu ukirudi kwanza ndipo msaada utafaa, na kwamba imani hiyo ilimfanya asione kile alichokuwa amekiona kwa macho yake alipokuwa kijana. Unaweza kufikia hukumu tofauti. Msomaji anachodai kwako ni matukio yote mawili pamoja na miaka yake.

Kabla ya kuchapisha

Soma rasimu kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja anayeijua biashara, mwingine anayeijua familia. Fundi wangu wa Kibuye alinisikiliza nikisoma ukurasa wa sufu, akanikatiza mara moja kuniambia kwamba nimeandika "kufuma" mahali nilipopaswa kuandika "kusokota". Binti wa yule mzee wa Vihiga alinisomea yeye mwenyewe toleo jipya la maisha ya baba yake, polepole, kidole chini ya kila mstari, na alipofika mwaka aliorudi kutoka Nakuru alisimama, akaenda chumbani, akarudi na kile kipande cha kazi, akakilaza kando ya karatasi, tukalinganisha tarehe.